Mafuta ya Lorenzo na Mikono Iliyomlea

Miongoni mwa magonjwa ya kurithi yanayouharibu ubongo wa mtoto hatua kwa hatua, ni machache yaliyopata kujulikana nje ya kuta za hospitali kama adrenolukodistrofia, ambayo madaktari huiita kwa kifupi ALD, na umaarufu huo haukuletwa na wingi wa wagonjwa bali na familia moja iliyoishi Marekani. Augusto Odone, mchumi wa Kiitaliano aliyefanya kazi Benki ya Dunia, na mkewe Michaela, Mmarekani, walimpata mtoto wao Lorenzo mwaka 1978. Mwaka 1984 wakaelezwa kwamba mtoto huyo angekufa ndani ya miaka miwili hivi. Na wao, ambao hawakusomea udaktari wala kemia, wakaishia kubuni mafuta ya kunywa yanayobeba jina la mtoto wao hadi leo. Lorenzo alifariki tarehe 30 Mei 2008, siku moja baada ya kutimiza miaka 30. Kati ya ubashiri ule na kifo hicho ilipita miaka 24, na wengi walioisikia habari hii, hasa kupitia filamu iliyotengenezwa juu ya familia hiyo, huamini kwamba mafuta ndiyo yaliyomvusha miaka hiyo. Ushahidi wa kitabibu hauungi mkono imani hiyo. Mafuta yalikuwa uvumbuzi wa kweli na yana nafasi yake, lakini kilichomweka Lorenzo hai ni kazi ya kumlisha, kumgeuza, kumtoa mate kooni na kumkinga na maambukizi, iliyofanywa usiku na mchana na watu wachache, mmoja wao akiwa ametoka visiwa vya Komoro, na kazi hiyo haikupewa jina la mtu yeyote.

Ugonjwa wenyewe huanzia mahali padogo mno. Ubongo hufanya kazi kwa kupitisha umeme hafifu katika nyuzi ndefu za neva, na nyuzi hizo hufunikwa na tabaka lenye mafuta mengi liitwalo mielini, ambalo huuzuia umeme huo usipotee njiani na kuufanya usafiri kwa kasi, kama mpira unavyoufunika waya wa shaba. Mielini ikibomoka, ujumbe kutoka jichoni, sikioni au kwenye sehemu ya ubongo inayoamuru mguu kutembea huchelewa, kisha hukatika, ingawa jicho, sikio na mguu wenyewe ni vizima. Katika ALD, ubomokaji huo unahusishwa na mrundikano wa asidi za mafuta za aina fulani. Asidi za mafuta ni minyororo ya atomi za kaboni, na nyingi kati ya zile zinazopatikana mwilini na katika chakula zina kaboni 16 au 18; lakini zipo nyingine zenye minyororo mirefu kupita kiasi, ya kaboni 24 au 26, ambazo mtu mwenye afya huzivunjavunja ndani ya vifuko vidogo vya seli viitwavyo peroksisomu. Mgonjwa wa ALD hana protini inayozipitisha asidi hizo ndefu kuingia katika vifuko hivyo, au anayo ikiwa na kasoro, kwa hiyo hubaki nje, hujikusanya katika damu, katika ubongo, na katika tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo, ziitwazo tezi za adrenali, ambazo ndizo zinazotoa homoni ya kuuwezesha mwili kustahimili homa, jeraha na njaa.

Jeni inayobeba maelekezo ya kuitengeneza protini hiyo, iitwayo ABCD1, ilitambuliwa mwaka 1993 na watafiti wa Ufaransa, nayo imo katika kromosomu X. Mwanamke ana kromosomu X mbili, na mwanamume ana moja tu pamoja na Y. Kwa hiyo mwanamke mwenye jeni moja iliyoharibika hubaki na nyingine nzima ya kumsaidia, wakati mtoto wa kiume akirithi iliyoharibika hana ya akiba. Mama mwenye jeni hiyo anapobeba mimba ya mtoto wa kiume, uwezekano wa mtoto huyo kuirithi ni nusu kwa nusu, na hali ni hiyo hiyo kwa mtoto wa kike, ambaye akiirithi naye huweza kuipitisha kwa kizazi kinachofuata. Baba mwenye ugonjwa huwarithisha binti zake wote na hamrithishi mtoto wake yeyote wa kiume, kwa kuwa mwana hupokea Y kutoka kwa babaye. Hapa ndipo elimu ya urithi inapokuwa nzito kuibeba, kwa sababu katika jamii nyingi, za Ulaya na Marekani kama za Afrika Mashariki, mama wa mtoto mgonjwa ndiye anayenyooshewa kidole, na taarifa kwamba jeni imetoka upande wake huweza kupokewa nyumbani kama hukumu. Si hukumu. Hakuna anayechagua jeni atakayomgawia mtoto, na mama mwenyewe mara nyingi hulipa kwa mwili wake, maana wanawake wengi wanaoibeba jeni hii, wanapofika utu uzima, hupata udhaifu wa miguu na matatizo ya haja ndogo yanayotokana na kuharibika kwa uti wa mgongo.

Jambo linalowatatiza hata wataalamu ni kwamba jeni ile ile, yenye kasoro ile ile, huweza kuwapa ndugu wawili wa tumbo moja maisha tofauti kabisa. Takriban theluthi moja au zaidi kidogo ya wavulana wanaoirithi hupata aina kali ya ubongo katika utoto, kwa kawaida kati ya umri wa miaka 4 na 10. Wengine hukua vizuri hadi ujana, kisha miguu ikaanza kukakamaa taratibu. Na wengi, wawe wa kundi la kwanza au la pili, hupata upungufu wa homoni za tezi za adrenali, wakati mwingine miaka kadhaa kabla ya dalili yoyote ya ubongo. Kipimo cha damu huonyesha kuwa mtoto ana ugonjwa, lakini hakiwezi kusema atafuata njia ipi. Hali hiyo ya kutojua ina uzito wake katika hadithi ya mafuta, kwa kuwa dawa inayodaiwa kuzuia janga ni vigumu sana kupimwa pale ambapo wengi wa wanaoitumia huenda wasingepata janga hilo hata bila dawa.

Familia ya Odone iliishi Komoro mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu ya kazi ya baba, na huko Lorenzo alikuwa mtoto mchangamfu na mwepesi wa kujifunza, asiye na dalili yoyote ya maradhi. Baada ya kurejea Marekani na kuanza shule, tabia yake ilibadilika: alikasirika ghafla, hakufuata maelekezo, alionekana kutosikia, akawa anajikwaa na kuanguka. Mwanzo huo ni wa kawaida sana katika ALD ya utotoni, na ndio unaowapotosha wazazi na walimu, kwa sababu mtoto anayepoteza uwezo wa kuelewa maneno huonekana kama mkaidi, na anayepoteza uwezo wa kuona pembeni huonekana kama mzembe. Watoto wengi wa aina hii huadhibiwa kabla ya kupimwa. Lorenzo alipimwa mambo mengi kabla ya jibu kupatikana Aprili 1984, na hata kupatikana kwa jibu hilo kulikuwa bahati ya wakati: ugonjwa uliwahi kuelezwa na madaktari wa Kijerumani mwaka 1923, lakini mrundikano wa asidi ndefu uligunduliwa mwaka 1976 tu, na kipimo cha damu kilianza kutumika mwaka 1981, kwa juhudi za daktari Hugo Moser na wenzake katika taasisi ya Kennedy mjini Baltimore. Kungekuwa na ucheleweshaji mdogo katika sayansi, wazazi wale wangemzika mtoto wao bila kulijua jina la ugonjwa, kama walivyofanya wazazi wengi kabla yao.

Tiba iliyopendekezwa wakati huo ilikuwa kuondoa katika chakula vitu vyenye asidi hizo ndefu, lakini damu ya Lorenzo haikuonyesha nafuu, na sababu yake ilikuja kueleweka baadaye: sehemu kubwa ya asidi hizo haitoki mezani bali hutengenezwa na mwili wenyewe, kwa kuirefusha hatua kwa hatua minyororo mifupi. Augusto na Michaela walijifungia katika maktaba za kitabibu, wakasoma makala za bayokemia, wakawapigia simu watafiti wasiofahamiana na kuwasaidia kukutana katika kongamano moja, jambo ambalo peke yake lilikuwa mchango mkubwa, kwani magonjwa adimu huwa na watafiti wachache waliotawanyika. Wazo lililozaliwa humo lilikuwa jepesi kulieleza. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, kinachoirefusha minyororo hiyo hufanya kazi pia juu ya asidi nyingine za jamii tofauti zisizo na madhara; ukikipa hizo kwa wingi, kitashughulika nazo na kuziacha zile hatari. Daktari William Rizzo wa Virginia alikuwa ameonyesha katika seli za maabara kwamba asidi ya oleiki, ile iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni, hupunguza utengenezaji huo, na mafuta yaliyotokana nayo yalikishusha kiwango cha asidi ndefu katika damu ya Lorenzo kwa karibu nusu. Nusu iliyobaki iligoma, hadi ilipoongezwa asidi ya erusiki, inayopatikana katika mbegu za haradali na za mmea wa jamii yake uitwao rapa.

Asidi ya erusiki ilikuwa na sifa mbaya, kwa kuwa panya waliolishwa kwa wingi walionyesha madhara ya moyo, na viwanda vingi havikutaka kuigusa. Aliyekubali ni mkemia mzee, Don Suddaby, wa kampuni ya Croda katika mji wa Hull nchini Uingereza, ambaye aliyasafisha mafuta hayo kwa subira hadi akapata kiasi kinachotosha. Mchanganyiko wa mwisho ulikuwa sehemu nne za mafuta ya asidi ya oleiki kwa sehemu moja ya asidi ya erusiki, na ulipotumiwa, asidi ndefu katika damu ya Lorenzo zilirudi kwenye kiwango cha mtu mwenye afya ndani ya muda mfupi. Kwa wazazi wasio na shahada ya sayansi, hilo lilikuwa tendo la ajabu, na Chuo Kikuu cha Stirling huko Uskochi kilimtunuku Augusto shahada ya heshima kwa ajili yake.

Damu, hata hivyo, si ubongo. Wakati mafuta yanakamilika, Lorenzo hakuweza tena kutembea, kusema, kuona wala kumeza, na hali hiyo haikugeuka. Mielini iliyobomoka haikurudi, na moto wa kinga ya mwili unaoishambulia mielini katika aina kali ya ugonjwa haukuwa ukisubiri kiwango cha mafuta katika damu. Isitoshe, uchunguzi wa ubongo wa wagonjwa waliofariki ulionyesha kwamba asidi ya erusiki iliyofika huko ilikuwa kidogo sana. Mwaka 1993 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya majaribio ya miaka miwili kwa watu wazima wenye aina ya ugonjwa inayoshambulia uti wa mgongo, nao hawakuona faida ya maana, ila waliona kwamba chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilipungua kwa baadhi ya watumiaji. Mwaka 2005 Moser na wenzake walitoa matokeo ya kundi jingine, la wavulana 89 waliokuwa na jeni lakini hawana dalili, wakiwa wamefuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka 7: asilimia 24 walipata mabadiliko katika picha za ubongo, na asilimia 11 walipata mabadiliko hayo pamoja na dalili, na waliofanikiwa kuzishusha asidi ndefu walikuwa na hatari ndogo zaidi. Matokeo hayo yalitoa tumaini, lakini hapakuwa na kundi la wavulana wasiotumia mafuta la kulinganisha nao, na kwa sababu iliyokwisha kuelezwa, wengi wao wangebaki salama kwa vyovyote. Kauli ya haki juu ya mafuta ya Lorenzo, basi, ni kwamba hurekebisha kipimo cha damu kwa uhakika, huenda humsaidia mtoto ambaye bado hajaanza kuugua, na hayamrudishii chochote aliyekwisha kuugua. Lorenzo alikuwa wa kundi la mwisho.

Inabaki kueleza alivyoishi, na jibu linapatikana kwa kutazama kinachowaua watoto wa hali yake. Ubomokaji wa mielini wenyewe, ukifika mahali, huweza kutulia; kinachoua mara nyingi ni kupaliwa. Mtu mwenye afya humeza mate yake mara nyingi kila saa bila kufikiri, kwa ushirikiano wa misuli mingi ya ulimi, koo na kifuniko cha njia ya hewa, na ushirikiano huo unapovurugika, mate, maziwa au uji huingia katika mapafu na kuleta nimonia. Mtoto asiyeweza kukohoa kwa nguvu hawezi kuyatoa. Kwa hiyo mate ya Lorenzo yalilazimika kutolewa kwa mashine ya kufyonza, kwa mrija mwembamba unaoingizwa mdomoni hadi kooni, si mara mbili au tatu kwa siku bali wakati wote, mchana na usiku wa manane, na anayefanya kazi hiyo lazima ausikie mkoromo wa kwanza wa mate kabla haujawa kikohozi kisicho na nguvu. Muuguzi anayesinzia robo saa anaweza kumpoteza mgonjwa. Hakuna dawa inayoweza kushika nafasi ya sikio hilo.

Chakula nacho kilikuwa elimu kamili. Mtoto asiyemeza hulishwa kwa mpira unaopitishwa puani hadi tumboni, au kwa ule unaowekwa kwa upasuaji mdogo kupitia ukuta wa tumbo, na kila mlo hutolewa polepole, kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa, na mgonjwa huachwa katika mkao huo kwa muda baada ya kula ili chakula kisirudi juu. Kabla ya kumimina chochote, mlezi huhakikisha kwamba mpira uko tumboni na haukuhamia katika njia ya hewa. Kinywa kisichotumika kula kinahitaji kusafishwa zaidi kuliko kinachotumika, kwa sababu bakteria wanaoota kwenye meno na fizi ndio wanaoshuka na mate kwenda mapafuni. Ngozi ya mtu asiyejigeuza huoza pale mfupa unapoikandamiza, hasa kiunoni, kwenye visigino na nyuma ya kichwa, hivyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, na misuli iliyokakamaa hunyooshwa taratibu kila siku ili viungo visijikunje na kubaki hivyo. Yote haya yanaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja na kufundishwa kwa wiki chache; ugumu wake uko katika kuyarudia kwa miaka bila kuruka siku, kwani nimonia haijali kwamba mlezi alikuwa makini kwa mwaka mzima uliopita.

Michaela alikataa mtoto wake apelekwe katika kituo cha kulelea wagonjwa wa aina hiyo, akaigeuza nyumba yao iliyoko Virginia kuwa wodi ya mgonjwa mmoja. Wauguzi waliajiriwa kwa zamu, na baadhi hawakudumu, kwa kuwa mama alidai wamtendee Lorenzo kama mtu anayesikia: wamweleze wanachotaka kumfanyia kabla ya kumgusa, wasizungumze juu yake kana kwamba hayupo, wamsomee hadithi, wamwekee muziki. Wapo waliouona msimamo huo kuwa ni mama kukataa ukweli. Lakini katika ugonjwa unaozikata njia za kutoa ujumbe, mtu hawezi kuwa na hakika kwamba njia zote za kuupokea nazo zimekatika, na baadaye familia ilieleza kwamba Lorenzo alijibu kwa kupepesa macho na kutikisa vidole. Hata asiyeshawishika na maelezo hayo atakubali kwamba mgonjwa anayesemeshwa huangaliwa usoni, na anayeangaliwa usoni hugunduliwa mapema akibadilika rangi.

Katika nyumba hiyo alikuja kuishi Oumouri, kijana wa Komoro aliyekuwa rafiki wa Lorenzo tangu familia ilipokaa visiwani. Alimjua mtoto huyo akiwa anakimbia na kusema, jambo ambalo hakuna muuguzi wa kukodi angeweza kulidai, na alikuja Marekani kumhudumia akiwa hajiwezi, akabaki kwa miaka mingi. Filamu imempa nafasi, lakini ndogo kuliko inavyostahili kazi yake. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako Wakomoro ni majirani na jamaa kwa dini, ndoa na lugha, si ajabu kwamba mtu avuke bahari kwenda kumuuguza rafiki. Ajabu ni kwamba mfumo wa afya wa nchi tajiri kuliko zote ulihitaji urafiki wa namna hiyo ili mgonjwa mmoja apate uangalizi usiokatika. Michaela alifariki kwa saratani ya mapafu Juni 2000, na watu wengi walidhani Lorenzo angemfuata upesi. Aliishi miaka minane zaidi, akiwa chini ya uangalizi wa babaye, wauguzi na Oumouri, na alipokufa, kilichomuua kilikuwa kile kile kilichozuiwa kwa miaka 24: nimonia iliyotokana na chakula kuingia mapafuni.

Swali kama ilikuwa haki kumweka hivyo kwa muda wote huo liliulizwa waziwazi, na madaktari, na wazazi wengine wenye watoto kama huyo, na hata jamaa. Si swali la dharau. Wapo wazazi waliochagua tiba shufaa, yaani huduma inayolenga kuondoa maumivu, kifafa na hofu bila kulazimisha urefu wa maisha, na wakamwacha mtoto afariki nyumbani miongoni mwa ndugu zake. Hao hawakumpenda mtoto wao kidogo kuliko Odone. Kosa la filamu iliyotolewa mwaka 1992 na mwongozaji George Miller, ambaye mwenyewe alisomea udaktari, halikuwa kuwasifu wazazi wale bali kuwapaka rangi ya woga wazazi na madaktari waliofikiri tofauti, na kuimaliza hadithi kana kwamba mafuta yameshinda. Simu zilimiminika kwa madaktari kutoka kwa familia zilizotaka mafuta kwa ajili ya watoto waliokwisha kupooza. Upande wa pili, filamu hiyo hiyo ililifanya jina la ugonjwa lijulikane, ikawafikia wazazi ambao watoto wao walikuwa bado hawajapimwa, na shirika lililoanzishwa na Odone mwaka 1989, Myelin Project, likapata nguvu ya kufadhili utafiti wa namna ya kuijenga upya mielini.

Tiba iliyokuja kufanya kazi ilitoka njia nyingine. Mwaka 1990 daktari Patrick Aubourg na wenzake jijini Paris walieleza habari za mvulana aliyepandikizwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na ambaye ugonjwa wake wa ubongo, ukiwa bado katika hatua za mwanzo, ulisimama. Seli shina za mtoaji huzaa seli ambazo baadhi huhamia katika ubongo na kuutuliza moto wa kinga, lakini kazi hiyo huchukua miezi mingi, kwa hiyo mtoto aliyekwisha kuanza kuanguka na kupoteza macho huwa amechelewa. Kwa wale wasio na ndugu anayefaa kuwa mtoaji, watafiti walibuni njia ya kuzichukua seli shina za mgonjwa mwenyewe, kuzitia jeni nzima kwa kutumia kirusi kilichotengenezwa kutokana na virusi vya Ukimwi na kuondolewa uwezo wa kuambukiza, kisha kuzirudisha mwilini. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba wavulana 15 kati ya 17 waliotibiwa hivyo walikuwa hai bila ulemavu mkubwa baada ya miaka zaidi ya miwili, na Marekani iliidhinisha tiba hiyo Septemba 2022 kwa bei ya dola milioni 3 kwa mgonjwa mmoja. Miaka miwili baadaye ilibainika kuwa watoto 7 kati ya 67 waliotibiwa katika majaribio walipata saratani ya damu, na matumizi yake yakawa ya tahadhari kubwa.

Kwa kuwa kila tiba inayofaa hudai kuwahi, jimbo la New York lilianza mwishoni mwa 2013 kuwapima watoto wote wachanga kwa tone la damu la kisigino, na mwaka 2016 ALD iliingizwa katika orodha ya vipimo vinavyopendekezwa kwa nchi nzima. Mvulana anayegundulika hivyo hupigwa picha za MRI za ubongo kila baada ya miezi 6 kati ya umri wa miaka 3 na 12, na doa la kwanza likionekana, hupandikizwa kabla hajajua kwamba anaumwa.

ALD huwapata watu wa kila rangi na kila bara, na pale ambapo watoto wachanga hawapimwi na mashine za MRI ni chache, kinachoweza kuwahi ni jicho la mzazi na la mganga wa zahanati. Tezi za adrenali zinapoishiwa nguvu, mtoto huchoka, hupungua uzito, hutapika mara kwa mara na huzidiwa na homa ambayo wenzake huimudu, na ngozi yake huzidi weusi, dalili ambayo kwa mtoto mweusi hupita bila kuonekana isipotafutwa kwenye fizi, katika mikunjo ya viganja na kwenye makovu. Mvulana mwenye dalili hizo, au mwanafunzi mzuri ambaye ghafla hafuati maelekezo, mwandiko wake unaharibika na anajikwaa, anastahili kupelekwa hospitali ya rufaa kabla hajaitwa mvivu. Upungufu huo wa homoni hutibika kwa vidonge vya haidrokotisoni, ambavyo si ghali na huongezwa dozi mtoto anapopata homa au anapofanyiwa upasuaji, na bila vidonge hivyo mtoto anaweza kufa ghafla hata kama ubongo wake ungebaki mzima maisha yote. Damu yake hupimwa asidi ndefu, ikibidi kwa kutumwa nje ya nchi, na jibu likithibitisha ugonjwa, wanaoitwa kupimwa baada ya ndugu zake ni mama wakubwa na mama wadogo wa mtoto huyo, pamoja na watoto wao wa kiume.